Nafuu, Zidisha kwa Kumi na Moja

Kila nikiwasha redio jioni namkuta mtaalamu ananifundisha kulisha watoto. Ana sauti ya upole isiyo na haraka, sauti ya mtu ambaye nyumbani kwake hakuna anayegombania kijiko. "Mzazi mwenzangu," anasema, "chukua vipande vinne vya mkate, parachichi moja lililoiva vizuri, yai moja na chumvi kidogo. Hapo umepata kitafunwa bora, cha gharama nafuu, kwa familia nzima."

Familia nzima ya nani? Sensa ya mwaka 2022 ilisema kaya ya Kitanzania ina wastani wa watu 4.3. Mimi takwimu sizibishii. Hao wanne kwangu nawapata kabla sijavuka mlango wa jikoni. Na ile nukta tatu bila shaka ni kitinda mimba wangu, ambaye kwa kimo ni nukta tatu kweli, ila kwa kula ni watu wawili.

Hapa kwangu Bumbuli tuko kumi na mmoja. Niko mimi, yuko mama watoto, yuko mama yangu mzazi ambaye nyumba nzima inamwita Bibi. Kuna watoto wetu watano, na watoto wawili wa kaka yangu walioletwa kusoma huku kwa sababu baba yao anaamini hewa ya milimani inafungua akili. (Inafungua na tumbo, hilo hakulisema.) Halafu kuna shemeji yangu, aliyepanda kuja kutusalimia wakati wa masika na mpaka sasa bado anasalimia.

Sasa lichukue lile pishi la redioni ulizidishe. Andazi la shilingi 200, ambalo kwa mtaalamu ni la kutupia mdomoni njiani, kwangu ni shilingi 2,200 kila linapopita mlangoni, na hapo kila mtu amekula moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nioe. Neno "nafuu" limetungwa na mtu mwenye watoto wawili.

Na watu wasidhani tunalalamikia chai. Bumbuli chai si tatizo, mashamba yake yametuzunguka, na ukungu wa Julai ukishatua juu ya paa huwezi kumnyima mtu kikombe. Tatizo ni cha kuisindikiza. Chai kavu mbele ya watoto sita waliotoka shule ni mgogoro wa kikatiba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatukai jangwani. Milima hii ya Usambara inalisha Dar es Salaam. Karoti, kabichi, hoho, viazi, peasi, plamsi zikiiva kuelekea mwisho wa mwaka, vyote vinapakiwa, vinashuka kona baada ya kona kutoka Soni hadi Mombo, halafu hao, Kariakoo. Viazi vinashuka kwa lumbesa, gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha limeongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa miaka nenda, na mnunuzi anakuja na kamba yake miaka rudi. Baada ya siku chache lori linapanda, limebeba makasha ya viazi vya pakti. Hivyo havina kilemba. Vinapimwa kwa gramu. Ukifungua pakti unapokelewa kwanza na hewa, tunauziwa hewa sisi ambao hewa ndiyo kitu pekee tunachopata bure huku juu. Chini kabisa ya hiyo hewa kuna vipande vichache, vyembamba kiasi kwamba ukikimulika kimoja unaona vidole vyako upande wa pili. Vilitoka shamba la nani, pakti haisemi.

Nikaona isiwe taabu. Jioni moja nikakusanya familia, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo pakti ni marufuku, soda ni ya sikukuu, na vitafunwa vyote vitatoka jikoni kwetu, kwa mazao yetu, kwa afya ya watoto. Nilitoa na takwimu kidogo. Nikawaambia Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikipungua hadi 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai, wakati chupa moja ya soda inakaribia kuvimaliza vyote au inavipita. Shemeji, ambaye huweka vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, akatazama dari.

Mama watoto akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Baba watoto, unatangaza wewe. Anayetwanga nani?"

Nikasema tutasaidiana. Akanikabidhi mchi.

Tukaanza na viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Mhudumu wa kliniki alishamweleza mama watoto kwamba hiyo rangi ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na kwamba inafaidiwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta kidogo, kwa hiyo weka parachichi pembeni au karanga za kutwanga. Safi. Viazi vipo, parachichi lipo. Ingawa nalo parachichi siku hizi limebadilika tabia. Zamani lilikuwa linaanguka, linaoza chini ya mti, watoto wanalipiga teke wakienda shule. Tangu wazungu waanze kuisaka aina ya Hass, hata hili la kienyeji, ambalo hakuna mzungu aliyewahi kuliulizia, limejitia bei.

Tukachemsha sufuria kubwa, ile ya msiba. Tukamenya, tukapanga kwenye sinia, mvuke unapanda, rangi inavutia. Watoto wakalizunguka sinia. Kimya. Kifungua mimba wangu, ambaye yuko kidato cha pili na tayari anaongea kama wakili, akakiinua kiazi kimoja, akakigeuza.

"Baba, shikamoo kwanza. Hiki si kitafunwa. Hiki ni chakula cha mchana kilichochelewa."

Wakala, lakini. Walimaliza sinia zima, halafu wakauliza vitafunwa viko wapi.

Magimbi nayo tukayajaribu. Haya tukawafungia waende nayo shuleni, kila mmoja na kopo lake. Makopo yakawa yanarudi matupu, yamesafishika, na mimi nikawa natembea kifua mbele kijiji kizima nikisema watoto wangu wanakula magimbi. Mpaka nilipomuuliza wa darasa la nne kama yanamtosha. Huyu ni mtoto ambaye kugawanya kunamtoa machozi daftarini. Akanieleza bila kusita kwamba gimbi moja linatoka kwa vipande vitatu vya pakti mapema asubuhi, ila saa nne njaa ikishakolea bei inapanda hadi vitano, na likiwa limepakwa chumvi na ndimu anaongezewa pipi. Kwa hiyo kuna mtoto wa mtu, ambaye mzazi wake ananunua pakti kila siku, anakula magimbi yangu na kunawiri. Wangu ndio wanaokula pakti, tena bila mimi kutoa shilingi. Nimelitafakari jambo hili kiuchumi nikashindwa kujua kama nimepata au nimekula hasara.

Kashata tulizijaribu kabla ya hapo, lakini zilikufa mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchi nzima. Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi. Nilielekea dukani na bei yangu elekezi mkononi, muuzaji akaniangalia kwa huruma, akanielekeza mlango. Tangu hapo mama watoto kashata anazisikia kwenye harusi za watu.

Maandazi sisemi kitu. Yanapikwa nyumbani, ndiyo, lakini kwa ngano nyeupe, sukari, na mafuta ya kula tunayonunua kwa kipimo kama dawa, halafu mwisho wa siku nusu ya hayo mafuta inabaki kwenye vidole vya watoto na nusu nyingine kwenye mapazia. Bibi anasema enzi zake maandazi yalikuwa ya Idi. Wao walitafuna makande ya jana yaliyopashwa, na miwa. Nikasema basi turudi kwenye miwa. Akacheka. Miwa ya huku ina wateja wake wazima, wanaoisubiri igeuke pombe ya boha.

Bisi ndizo zilizonipa matumaini. Mahindi ya bisi kiganja kimoja yanajaza sufuria, mafuta ni tone, chumvi ni bure, na zinapopasuka watoto wanashangilia kana kwamba ni mpira. Hapo kwa mara ya kwanza kuzidisha kukawa upande wangu. Ila kitinda mimba haruhusiwi bisi wala karanga nzima, kwa umri wake zinaweza kumkaba. Zake karanga lazima zitwangwe mpaka zilainike kabisa, na mwenye mchi mnamjua.

Karanga zenyewe zina kesi yake. Hazitoki huku, zinapanda kutoka bondeni, tunanunua sado siku ya gulio. Bibi hamruhusu mtu kuzitia kwenye kikaango kabla hajazipitia yeye kwenye ungo, moja moja, miwani ikiwa puani. Iliyosinyaa, tupa. Yenye ukungu, tupa. Iliyobadilika rangi, tupa, na mwenye kuinunua anatazamwa vibaya. Ananikumbusha mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na huko ni kukavu, jua linawaka. Sisi tunaanika nguo Jumatatu tunazivaa Ijumaa zikiwa bado na unyevu. Kwa hiyo sado ya karanga ikishapita mahakamani kwa Bibi, inarudi robo tatu. Nafuu yangu ningewatupia kuku. Lakini Bibi hata kuku anawakataza, anasema sumu ni sumu, nendeni mkaifukie.

Kisha akaja na lake.

Maboga kwetu hayana thamani. Tunapika boga, tunalila, mbegu tunatupa. Bibi akaanza kuziokota. Alizisugua kwenye maji mpaka ule utelezi ukatoka, akazilaza usiku kucha kwenye maji ya chumvi, akazikausha kwenye ungo karibu na mafiga kwa sababu jua la kuzikausha hatuna. Halafu akazikaanga kavu, moto mdogo, bila tone la mafuta, anazigeuza kwa mwiko bila kuacha, mpaka zikaanza kuvimba tumbo na kuruka. Harufu ikafika mpaka barabarani. Mhudumu wa kliniki anasema mbegu hizo zina protini, zina madini ya chuma na zinki, vitu ambavyo ukivitafuta kwenye pakti utapata jina lake tu. Niliziona, nikaonja, nikasema hapa sasa sera imepata mguu.

Watoto wakakataa. Walizitazama wakasema hizo ni takataka za boga.

Bibi hakubishana. Aliomba madaftari ya zamani, akakunja karatasi kuwa vifuko vya pembe, vile tulivyonunulia karanga tulipokuwa wadogo, akajaza, akavipanga kwenye sinia, akaenda kukaa kwenye kigoda pale kwenye kona wanapopita wanafunzi. Kifuko shilingi 100. Shemeji akajiteua kuwa meneja.

Haikupita muda, wa darasa la nne akaja mbio. "Baba, naomba mia."

"Ya nini?"

"Mbegu. Watu wote wanakula mbegu."

Nikamwambia mbegu ziko jikoni, bakuli zima, bure, alizikataa mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayezungumza na mgeni. Zile si za kwenye karatasi, akasema. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine sita, mikono mbele. Hesabu nikaifanya kichwani: mia saba, kwa boga nililolima mwenyewe, mbegu zilizookotwa kwangu, kuni zangu, chumvi yangu, na madaftari niliyoyanunua mimi.

Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye kona kudai maelezo. Sinia lilikuwa limebaki na vifuko viwili. Meneja alikuwa anatafuna.

"Shikamoo, mama. Hizi si mbegu zetu?"

"Marahaba, mwanangu. Zilikuwa zetu."

Harufu ilikuwa ileile, labda imezidi kidogo kwa kuwa ziko barabarani. Nikanyoosha mkono, nikamwambia anipe kimoja, nitalipa jioni. Bibi akalivutia sinia upande wake, akalifunika na ncha ya khanga.

"Hapa hatukopeshi," akasema. "Shemeji yako peke yake ana deni la vifuko vinne."