Kamba wa Kumi na Nne

Walikuwa kumi na wanne. Rafiki yangu aliwahesabu mmoja mmoja mbele ya mama watoto Ijumaa usiku, akiwashika mgongoni ili wasimfinye, akiwadondosha kwenye ndoo ya rangi iliyotiwa maji kidogo na majani ya ziwani. Laiti angewatia bila kuhesabu.

Kamba hawa wekundu ndio chambo tunachokitegemea kwa besi katika Ziwa Naivasha. Wote wawili ni wageni huku: besi aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba, ambaye asili yake ni Louisiana, akaingia mwaka 1970. Besi akishakomaa, kamba ndiye chakula chake kikubwa.

"Ndoo ilale nje," mama watoto alisema.

"Shemeji, mvua ya usiku itaijaza, waelee watoke," rafiki yangu akamjibu, nami nikamuunga mkono. Nikaisukuma chini ya sinki, nikaifunika kwa sinia, juu yake nikaweka jiwe. Saa kumi na moja alfajiri nikatoa kamba sita, nikawatia mkebeni, nikarudisha sinia. Jiwe sikulirudisha. Mama watoto amenisamehe, mimi bado sijajisamehe, maana kitinda mimba wetu alikuwa ndiyo kwanza anatambaa na sakafu ya jikoni ndiyo uwanja wake.

Tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na masika ya Naivasha huja na baridi inayokaa kwenye viungo vya vidole. Mlima Longonot haukuonekana kabisa. Tulipiga makasia taratibu, tukiyapitia mbali mafunjo, kwa sababu saa hiyo viboko wanarudi majini kutoka malishoni.

Rafiki yangu hakuniuliza twende upande gani. Alielekeza mashua Kihoto. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia mtaani humo, na nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zilizomezwa. Yeye ni seremala. Milango yote alikuwa ameitengeneza kwa mkono wake, na aliing'oa akiwa amesimama kwenye maji ya kiuno. Akawapeleka mkewe na watoto kijijini, akabaki amepanga chumba kimoja karibu na karakana. Tangu hapo kila nikimwita chakula cha jioni ana kazi ya kumalizia. Mtu aliyezoea kukaribisha watu hukaa kwa shida kwenye kiti cha mgeni.

Besi hawindi kwa kuzurura. Hujibanza kando ya gogo au nguzo akangoja kitu kipite. Pale Kihoto migunga imekufa wima ndani ya maji, na chini kuna nyua za watu na nyaya zake. Kamba wanne walipotelea kwenye nyaya hizo, wa tano akaliwa ndoano ikabaki tupu.

"Tupa pale," akasema, akionyesha nguzo mbili za mwerezi zilizochomoza juu ya maji. "Lango langu lile."

Mshipi ulikwenda pembeni kabla sijaukaza. Samaki akaruka juu, mdomo wazi, akikung'uta kichwa, kisha akazama akaizunguka nguzo ya kushoto. Nilitaka kuvuta kwa nguvu. "Usivute," akaniambia, "mlegezee." Akajiinamia ukingoni, akaikumbatia nguzo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akautoa mshipi mzunguko baada ya mzunguko. Besi alipoingia mashuani, wa kilo moja na nusu kwa makisio yangu, na ule mstari mweusi ubavuni umekoza kwa mvua, yeye alikuwa bado ameishika nguzo. Sikumwambia kitu. Nilichukua mkebe nikaanza kukumba maji, na hayakuwa mengi.

Tulifika nyumbani saa saba mchana. Kitinda mimba alikuwa amekalishwa juu ya meza akilia. Mama mkwe, aliyekuja asubuhi kutoka Gilgil kutujulia hali, alikuwa na kidole cha mguu kilichofungwa kitambaa chenye damu, na ufagio mkononi. Mama watoto alikuwa amepiga magoti ukumbini na koleo la makaa. Maji ya mvua yalikuwa yamepita chini ya mlango wa jikoni, na kamba wakayafuata hadi sebuleni. Zulia limekunjwa, kochi limelazwa ubavu. Mmoja alipatikana ndani ya kiatu cha shule.

"Wako saba," mama watoto akasema, akituonyesha sufuria.

Rafiki yangu akawahesabu. "Walibaki wanane, shemeji."

Mama mkwe akaweka ufagio chini, akakaa.

Rafiki yangu akavua gambuti, akaomba bisibisi. Alifungua ubao wa chini wa kabati la jikoni, akalala kifudifudi na tochi, nguo zikimchuruzika. Hadi giza linaingia kamba hakuonekana. Kwa kuwa alikuwa ameloa hata asingeweza kuondoka, alivaa suruali yangu, akakaa mezani. Mama watoto alimkaanga besi kwa nyanya na dania. Nyama yake ni nyeupe, haina miba ya kusumbua, hata watoto hula bila kuchambuliwa. Aliongeza ugali mara ya pili.

"Kesho nitapitia," akasema mlangoni. "Mtoto hawezi kutambaa na yule yuko humu."

Akapitia Jumapili, na Jumatatu, na kila siku saa kumi na mbili jioni, na tochi yake. Akitafuta nyuma ya droo, aliinyoosha ile iliyokuwa inakwama. Akitafuta mlangoni, alipigilia ubao wa kuzuia maji. Kisha chakula. Siku ya nne aliwapigia simu wanawe kutoka mezani kwetu, na watoto wetu wakanyang'anyana simu ili waongee nao.

Jumatano hiyohiyo nilimwona mama watoto akimweka kitinda mimba sakafuni bila wasiwasi. Nilishangaa, nikanyamaza.

Jumapili ya pili nilikwenda nyuma ya tangi kuteka maji, nikakuta beseni limefunikwa kwa kipande cha waya. Ndani, juu ya kipande cha kiazi, alikuwepo. Mzima, makoleo yote mawili.

Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nilimpata Jumanne," akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye kapu la viazi."

Lango likalia. Akarudisha waya juu ya beseni, akaingia jikoni, nikasikia akiongeza unga kwenye sufuria. Nilichukua tochi yangu, nikatoka kumpokea rafiki yangu, nikamwambia bado hatujaangalia chini ya kitanda cha watoto.