Gia Zinazokula Umeme

Mtaani kwetu Cibitoke, jijini Bujumbura, hakuna ufundi wa faragha. Ukipindua baiskeli mbele ya geti, kabla hujapata bisibisi umeshapata washauri. Tangu Machi 2022, baiskeli, bajaji na pikipiki zilipozuiwa kuingia katikati ya Bujumbura, na mafuta yakawa kitu cha kupangia foleni, kila mkazi wa avenyu zetu za namba amejipa cheo cha utaalamu wa magurudumu mawili.

Wakati huo huo kaka yangu aliyeko Ubelgiji akanitumia baiskeli yake ya zamani ya milimani. Usukani ni wa kaboni, gia ni za Shimano, zile zinazobadilishwa kwa umeme, na waya umepitishwa ndani ya usukani usionekane. Usukani wenyewe ulikuwa na upana wa milimita 740, na waliojenga kichochoro chetu hawakuwahi kuota jambo hilo. Ukinyoosha gurudumu, usukani unagoma. Ukipinda usukani, gurudumu linagoma. Majirani wakakaa baraza, hukumu ikatoka: ukatwe.

Fundi alikuja na msumeno wa chuma na imani kubwa. "Patroni, usiwe na wasiwasi. Ikiharibika, tunachomelea."

Nikamweleza kwamba kaboni haichomelewi. Ni nyuzi nyembamba zilizoshikanishwa kwa gundi.

"Kumbe plastiki!" akasema, akanionea huruma, akapunguza bei hapo hapo.

Shingo upande, alikubali kuzungushia utepe pale pa kukata ili nyuzi zisichanike, kulowesha msumeno ili vumbi lisiruke, na kujifunga kitambaa puani. Watazamaji walipoona kitambaa wakarudi nyuma. Mama mmoja akawaita watoto wake ndani.

Upande wa kushoto ulikatika vizuri, watu wakapiga makofi. Upande wa kulia, msumeno ukabadili sauti. Kumbe huko Ulaya kuna fundi aliyebakiwa na waya mrefu, akaukunja na kuusokomeza hadi mwisho kabisa wa bomba. Kipande kikaanguka chini na mkia wa waya. Nikabonyeza kitufe cha gia: kimya.

"Waya haukujitambulisha," fundi akajitetea.

Ushauri ukamiminika. Mmoja alisema tupeleke Buyenzi kwenye magereji. Mwingine alisema bila kompyuta hatufiki popote. Mzee mmoja alitaka tupige simu Ubelgiji, tena tuwakaripie. Katikati ya mjadala akapita kijana anayetengeneza redio kwenye kibanda cha jirani. Akauchuna waya polepole, tayari kukutana na maajabu ya Wazungu. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili tu, ambazo hupeleka umeme na amri kwa pamoja.

"Hizi tu? Redio ya babu yangu inazo zaidi."

Akalehemu, akafunga utepe mweusi, akarudisha waya ndani. Nikabonyeza. Gia ikalia *zii*, mnyororo ukahama.

Ikaja saa ya malipo. Fundi wa msumeno alidai bei ya kukata mara mbili, kwa kuwa pande ni mbili, na nyongeza kwa sababu ni yeye aliyeugundua waya. Kijana wa redio hakuwa na haraka na pesa. Alitaka kwanza kujua mashine hii inashika stesheni ngapi. Nikahesabu gia za nyuma, nikamwambia kumi na moja.

Akaitazama baiskeli kwa heshima mpya. Redio nyingi zinazopita mikononi mwake, alisema, hazifiki hapo.