Jeshi la Misukule kwa Bei ya Kutupa

Kwanza mjue unayeshindana naye. Warhammer, mchezo wa vita vya njozi unaochezwa mezani, ulitoka Uingereza mwaka 1983, na nia yake haikufichwa: watu wapate sababu ya kununua vijisanamu vya Citadel kwa wingi. Anayetaka shujaa mmoja wa kupaka rangi hana faida dukani. Mteja ni yule anayehitaji vibwengo mia. Kwa hiyo usiwaombe Games Workshop, wenye Warhammer na Citadel, huruma ya bei. Tafuta mbadala, na ujisifu kimoyomoyo kwamba unabana matumizi.

Ukiikimbia kampuni hiyo ya Nottingham, pa kukimbilia ni Nottingham. Mantic, wenye mchezo wa Kings of War, wako hukohuko. Michael na Alan Perry, mapacha waliochonga vijisanamu vya Citadel miaka na miaka, wanauza vyao hukohuko. Warlord Games nao vilevile. Ni kumhama mwenye nyumba ukapange kwa shemeji yake.

Usione haya kuchanganya historia na njozi, maana Games Workshop wenyewe ndio walioanza. Katika dunia ya Warhammer, dola ya Empire ni Ujerumani ya karne ya 16, na manyoya yake ya kofia. Bretonnia ni Ufaransa ya wapanda farasi wenye deraya, iliyokorogwa na hekaya za Mfalme Arthur. Sanduku moja la akina Perry, la askari wa miguu wa Vita vya Waridi, lina watu 40, na Bretonnia haitawauliza pasipoti. Shida ni viganja. Wote huuzwa kama wa milimita 28, lakini askari wa Perry ana mikono ya binadamu, na wa Citadel ana ngumi inayokaribia kichwa chake. Usiwapange safu moja.

Misukule ndiyo neema ya bahili. Hakuna kampuni inayomiliki mifupa. Okota mikono na vichwa vilivyobaki kwenye masanduku mengine, unga, paka rangi ya tope. Gundi ikivuja, huo ni uozo.

Kuhusu madubwana, nenda duka la vitu vya watoto ukiwa umenyoosha shingo. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa Dungeons & Dragons, alinunua wanyama wa plastiki wa bei poa kutoka Hong Kong, wasiofanana na kiumbe chochote, akawafanya mazimwi ya mchezo wake; yule mla chuma aitwaye rust monster alitoka humo. Basi dinosaria wako wa plastiki ana ukoo wa heshima. Muoshe kwa sabuni kabla ya rangi ya kupuliza, la sivyo atabambuka katikati ya vita.

Vitako, yaani vibao wanavyosimamia askari, usivigandishe moja kwa moja. Mwaka 2015 Games Workshop iliiteketeza dunia yote ya Warhammer, ikaleta Age of Sigmar ya vitako vya duara. Mwaka 2024 dunia ileile ikafufuka kwa jina la The Old World, mraba ukarudi, ila mpana zaidi: binadamu aliyetosheka na milimita 20 sasa anadai 25. Tengeneza sinia la kupangia kikosi, lenye nafasi katikati, usubiri watakaloamua tena.

Au hamia Kings of War, ambako kikosi hukaa mezani kizima mpaka kivunjike, wala huondoi mtu mmojammoja. Jaza mapengo kwa jiwe, kisiki na majani. Askari wachache watatosha.

Kuna pia printa ya resini. Utanunua printa, kisha glavu, barakoa, spiriti ya kuoshea, taa ya kukaushia, na feni ya kutoa harufu inayowakera wa nyumbani. Hapo kila joka litakugharimu kidogo tu, nawe utachapa majoka kumi na moja, kwa jeshi linaloruhusiwa moja. Usipige hesabu ya jumla.

Jeshi likikamilika, usilipeleke kwenye maduka ya Games Workshop. Huko wanataka vya kwao. Cheza nyumbani kwa rafiki, na umtajie kila kikosi kabla ya kurusha dadu. Akimwinua askari wako, akamgeuza, akauliza huyu ni wa jeshi gani, mwambie ni mamluki.