Bia ina leseni, uraka una mgambo

Msyuu! Jamani, leo tusemezane kweli. Hapa kijiweni hakuna diwani wa kununa.

Leseni ya kileo tunaijua vizuri tukiwa upande wa mteja. Mwenye baa anaomba, siku hizi kwenye mfumo wa Tausi. Bwana afya anakuja kuchungulia choo, ada inalipwa, spika zinafunguliwa. Msimu ukiingia, minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika, ikianza kumwaga hela Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mkulima anashuka kwenye bodaboda kreti ikiwa tayari inamsubiri. Hapo humsikii mtu akilalamika kuhusu ulevi. Atalalamikaje, na ada ile ni mapato ya ndani? Asilimia 10 ya mapato hayo inatakiwa ikopeshwe: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo yule shangazi wa kikundi, aliyeapa hata glasi ya bia hataiosha, mkopo wake una povu kidogo. Msimwambie nimesema mimi.

Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu uko chini ya mkorosho.

Korosho ikishaangushwa inapata heshima zote. Inakwenda AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, inapimwa, inaandikiwa stakabadhi, inapigwa mnada. Msimu wa 2024/25 bei kwenye minada ya kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na halmashauri ikachukua ushuru wake usiozidi asilimia 3. Na bibo, tunda lenyewe? Lina uzito mara kadhaa ya korosho iliyoning'inia chini yake, lakini halina ghala wala mnada. Linaachiwa nzi. Mama anaokota, anakamua, anaacha maji yalale, na uraka huo tayari. Akiuweka jikoni akakinga mvuke, anapata nipa, na hapo ndipo mgambo anapokumbuka kwamba ana kazi.

Mwaniambia sheria ni sheria. Haya, isomeni. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inazijua pombe za kienyeji, na kilabu kinaweza kupewa leseni kama baa. Hata Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, inayowapeleka watu mahakamani kwa lita 2 za gongo, ndugu wa nipa, inamshika mtu kwa kukosa leseni. Sasa nihesabieni kwa vidole: mama wa uraka mwenye karatasi ukutani mnamjua nani? Kimya. Kunyweni kahawa.

Wakoloni angalau hawakujificha. Nairobi ya miaka ya 1920, wanawake wa Pumwani walikatazwa kupika pombe, kisha baraza la mji likaipika lenyewe na kuwauzia Waafrika, faida kwenye mfuko wake. Ujanja huo ulitoka Durban, Afrika Kusini, ulikoanza mwaka 1909. Kosa la mama halikuwa pombe, lilikuwa faida kuingia mfukoni mwake.

Kuna babu hapa ameacha kete za bao aniulize: "Mwanangu, uraka ukipata leseni si ndiyo tumehalalisha ulevi?" Babu, shikamoo, lakini ulevi haujawahi kusubiri fomu. Na leseni peke yake haisafishi kinywaji. Mmesahau viroba, ile pombe kali ya vifuko? Vilitoka kiwandani, vilikuwa na nembo, vilikuwa vinalipiwa kodi, na kijana wa bodaboda alivitia mfukoni kama pipi. Ni Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa wakati huo, aliyesimama Mirerani Februari 2017 akatangaza mwisho wake. Machi 1 marufuku ikaanza. Vilipotoweka, wanywaji hawakuhamia kwenye maziwa.

Babu hajakosea yote, lakini. Nipa isiyopimwa inapofusha, na inaua. Mimi sidai leseni ya nipa ya kichakani. Nadai uraka upimwe, uuzwe mahali penye choo na maji, kwa saa zinazojulikana, na mtoto wa shule afukuzwe mlangoni. Anayetaka kwenda mbele zaidi asiishie hapo: Naliendele, kwenye kituo cha utafiti cha TARI huko Mtwara, wanajua kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo, na wamefundisha watu. Utaalamu upo mwendo wa siku moja kwa basi. Mkopo wa asilimia 4 ya wanawake upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha, na mtu huyo tumempigia kura.

Msyuu. Na kikao cha baraza la madiwani, posho inalipwa.

Diwani, ukisimama safari hii, acha kidogo habari za kufunga baa mapema. Uliza ada ya kilabu cha uraka ni shilingi ngapi, nani anampima mpishi, na kikundi gani cha kina mama kitapelekwa Naliendele kwa hela ya halmashauri. Mabibo yanaanza kuanguka Oktoba. Tunataka fomu Septemba.