Namna ya Kuwa Mmbea wa Watu Waliokufa Zamani

Ukitaka kuandika historia ya kijiji cha Uingereza, jambo la kwanza ni kuweka kando adabu za ugeni. Usianze na mfalme, wala askofu, wala bwana mwenye ardhi aliyechorwa amesimama na mbwa wake. Hao wameandikwa mpaka wino ukaisha. Anza na swali ambalo mmbea yeyote wa kijijini hulala nalo na kuamka nalo: hawa wanaoishi nyumba ile, waliipataje?

Mwalimu wako awe Richard Gough wa parokia ya Myddle, Shropshire, mkoa unaopakana na Wales. Alizaliwa mwaka 1635, akawa mkulima mwenye ardhi yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1700, uzeeni, alichora mpangilio wa mabenchi ya kanisa lao. Katika kanisa lile nafasi ya kukaa ilifungamana na nyumba au shamba, haikuwa ya mtu tu. Aliyelipata shamba alipata na benchi lake. Wakubwa walikaa mbele, wakulima wa kawaida katikati, na wenye vibanda nyuma na pembeni. Basi Gough akashika benchi moja baada ya jingine akasimulia kitabuni koo zilizolikalia: nani alimwoa nani, nani alirithi, nani alilinywa shamba lote kilabuni, nani alikuwa na mkono mrefu. Kwangu mimi hakuna kitabu kizuri zaidi kuhusu kijiji kimoja cha Kiingereza, na uzuri wake wote umetoka kwenye umbea uliopangwa vizuri.

Kwa hiyo fuata nyumba, usifuate jina. Majina yatakuchezea shere. Utakuta akina John watatu na akina William wanne ndani ya parokia moja, wote wa ukoo mmoja, na nusu yao wameoa akina Elizabeth. Tena binti akiolewa jina la ukoo hutoweka kwenye karatasi, nawe utaandika kwamba familia ile ilikwisha, kumbe bibi yule bado anapika kwenye meko alipopikiwa na mama yake. Nyumba ndiyo inayomshikilia. Ulizia nani alilipia paa, nani alilipa kodi, nani alikufa katika chumba kipi.

Halafu nenda kwenye daftari za kanisa. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Hapa wambea wachanga ndipo wanapoaibika. Unaona ndoa ya Mei 1690, kisha ubatizo wa mtoto Februari 1690, unaanza kunong'ona. Nyamaza! Hadi mwaka 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ile ilikuja baada ya Mei. Mtoto alibatizwa miezi tisa baada ya harusi, na mama yake anastahili kuombwa radhi. Ukifika miaka ya 1640 na 1650 utakuta kurasa nyingi zina mapengo, maana nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baadaye taratibu za kanisa zilivurugika. Gough ndiye anayeziba pengo hilo kwa Myddle: anasema kutoka vitongoji vitatu tu vya parokia yake walikwenda vitani wanaume 20, na 13 wakauawa. Hesabu hiyo isome taratibu. Ni mabenchi yaliyobaki wazi, na ni nyumba zilizobaki na wajane.

Sasa ingia jikoni. Kati ya 1662 na 1689 serikali ilitoza kodi ya meko, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila meko. Mwenye meko nane na mwenye moja wanajulikana papo hapo. Bora zaidi ni orodha za mali za marehemu. Majirani waliingia nyumbani baada ya maziko, wakapita chumba kwa chumba wakithamini kitanda, sufuria, jibini, ng'ombe, hata nguo alizovaa marehemu. Je, mmbea aombe nini zaidi? Umefunguliwa mlango na watu waliomjua.

Ukikaribishwa kwenye nyumba yenyewe, omba ngazi upande darini. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa ukumbi mmoja ulio wazi hadi paani, moto katikati ya sakafu, moshi ukijitafutia njia. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 16, watu walijenga dohani na kuweka ghorofa. Ukikuta makombamoyo yenye masizi meusi juu ya dari safi, umekuta moshi wa watu wa kale. Boriti za mwaloni zinaweza hata kutaja mwaka mti ulipokatwa, mtaalamu akihesabu pete zake.

Usiwapite maskini. Sheria ya makazi ya mwaka 1662 iliruhusu mgeni asiye na uwezo arudishwe parokia alikotoka, na kabla ya kumrudisha walimhoji chini ya kiapo: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, mkeo ni nani. Ukatili ule umetuachia maisha ya watu ambao hawakuwa na wosia wala benchi la mbele. Wasimulie kwa upendo. Gough alifanya hivyo. Anamtaja Reece Wenlocke, aliyezoea kuiba kuni kwenye nyua za majirani, hata mtumishi mmoja akatoboa kijiti kikavu, akakijaza baruti, akakirudisha uani. Kijiti kikaishia kwenye tanuri la Reece, na kilele cha tanuri kikaruka. Anamtaja pia Thomas Hayward, ambaye nyumbani hakupata utulivu, akawa anakwenda kilabuni kupata chakula tu, na kwa kuwa alipendwa na watu akawa anakawia kuondoka. Mistari michache, na mtu mzima anasimama mbele yako pamoja na ndoa yake.

Ukifika karne ya 19 kazi inakuwa nyepesi. Ramani za zaka, zilizochorwa baada ya sheria ya 1836, zinakupa kila shamba na namba yake, mwenyewe na mpangaji. Sensa ya 1841 inataja watu kwa majina, ila umri wa watu wazima ulipunguzwa hadi tano ya karibu. Basi usimwite mwongo mwanamke wa miaka 30 aliyekuwa na 34.

Baada ya sensa ya 1921, iliyofunguliwa mwaka 2022, njia inakuwa nyembamba. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na ya 1951 bado imefungwa. Kuna orodha ya wakazi ya Septemba 1939, lakini yaliyobaki yamo vichwani mwa wazee wa kijiji. Nenda kwao mwaka huu. Beba keki, keti pale watakapokuonyesha, uliza nani alikaa nyumba ya jirani walipokuwa watoto, kisha uwaache waseme.