Mshika Ndoo

Nilikwenda kwenye usaili nikitaka kuwa Kinjeketile mwenyewe. Mwongozaji alinisikiliza mistari mitatu, akavua miwani, akaifuta taratibu, kisha akaniuliza kama mgongo wangu ni mzima. Nikasema mzima. Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa: kwa mlango wa nyuma, nimebeba meza.

Kundi letu lilikuwa la mtaani tu, hapa Dar es Salaam, la watu wenye kazi zao za mchana. Mchezo ulikuwa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, kitabu kilichotoka mwaka 1969 na ambacho nusu ya watazamaji walikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Hatari hiyo hakuna aliyenitahadharisha. Ukiigiza kitabu cha mtihani, mnong'onezi wa nini? Mwigizaji akisahau neno, safu tatu za mbele zinamkumbusha kwa pamoja.

Cheo changu kilikuwa msimamizi wa vifaa. Cheo kizuri, posho hakuna. Bunduki za Wajerumani nilizitengeneza kwa mipini ya mafagio na mabomba ya plastiki, nikazipaka kiwi nyeusi, zikanuka kama Jumatatu asubuhi shuleni. Mto Rufiji ulikuwa mita 10 za kitambaa cha bluu kutoka Kariakoo, ukitikiswa na vijana wawili waliolala chini, mmoja kila upande. Wa kushoto alikuwa mvivu. Rufiji yetu ilikuwa na mawimbi kulia na usingizi kushoto.

Nyuma ya pazia nilikuwa na meza, na juu yake nimechora kwa chaki mahali pa kila kitu: hapa mkuki, hapa kibuyu, hapa usinga. Sheria ilikuwa moja: usiguse kisicho chako. Usiku wa onyesho, penye alama ya usinga nilikuta chipsi mayai. Usinga wenyewe alikuwa nao Mama Maleba, mshona mavazi yetu, anafukuzia mbu.

"Mwanangu," aliniambia nilipomlalamikia, "mbu hawajui kama tunaigiza."

Sasa, kiini cha kisa ni hiki: Kinjeketile anavutwa mtoni na pepo, watu wanakata tamaa, kisha anatoka akiwa hai, nguo zake kavu. Ukavu ndio muujiza. Usipokuwepo, huyo ni mtu aliyekwenda kuoga. Kwetu, mwigizaji alipita chini ya kitambaa, akatambaa hadi nyuma ya pazia, akawa anangoja zamu yake ya kufufuka. Wakati huo mimi nilitakiwa kupita na ndoo ya maji ya dawa, yale ya kuzuia risasi za Wajerumani, maji ya kweli, kwa sababu mwongozaji alitaka watu wayasikie yakichuruzika.

Umeme wa Luku ukaisha.

Mlinzi wa ukumbi alikimbilia mita, akaanza kuingiza tarakimu zake 20, na kwa jinsi alivyozitamka kwa sauti nahisi alikosea mara mbili. Nami nikaendelea kutembea gizani, maana nilishazoea njia. Kinjeketile naye aliizoea. Tukakutana katikati.

Taa ziliporudi, mtume wetu alikuwa amesimama jukwaani, ameloa chepechepe. Mzee wa kijiji, ambaye maandishi yanamtaka amguse na kushangaa, alimgusa. Akautazama mkono wake. Akaufuta kwenye kaniki yake.

"Mkavu kabisa," akasema. Tone likasikika likidondoka.

"Jamani, kitabuni hakuloa!" mtu akapiga kelele.

"Hilo ni toleo lililorekebishwa," mwingine akamjibu.

Nyuma ya pazia tulikuwa na msiba wa pili: ndoo tupu, na onyesho la dawa lilikuwa dakika chache mbele. Mama Maleba hakupoteza muda kulaumu. "Mkamue," akasema. Basi dawa ya Maji Maji usiku ule ilitoka kwenye nguo ya Kinjeketile, tukiisokota watu wawili, yeye akitetemeka kwa baridi kuliko alivyowahi kutetemeka kwa pepo.

Kukamua kulinichelewesha. Milio ya bunduki nayo ilikuwa kazi yangu: mbao mbili, unazigonganisha. Wajerumani wakalenga. Kimya. Wakalenga tena. Shujaa mmoja alianguka kwa adabu. Wenzake wakabaki wamesimama, wakitazamana.

"Maji yanafanya kazi!" ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilipofika na mbao zangu na kuzigonga, hakuna aliyekubali tena kufa. Katika vita vya kweli vya Maji Maji, kule Mahenge, Agosti 1905, bunduki za rashasha hazikungoja mtu. Kwetu vita tulishinda.

Yule aliyeanguka kwa adabu akabaki chini. Onyesho lililofuata lilikuwa ndani ya boma la Wajerumani, naye amelala katikati yake. Mwongozaji akanisukuma. Nikaingia, mtu ambaye kazi yake ni kutoonekana, taa zote zikiwaka, nikamshika miguu na kumburuta.

"Polepole kaka," maiti akanong'ona, "bega."

Mama yangu alikuja kutazama. Nilikuwa sijapata ujasiri wa kumwambia kuwa siigizi. Baada ya mchezo alinikumbatia nje ya ukumbi, machozi yakimlengalenga.

"Umecheza vizuri sana, mwanangu, pale ulipomzika yule kijana," akasema. "Ila mbona hawakukupa maneno?"