Kutengeneza Kioo cha Mlango wa Land Rover, kwa Wakazi wa Mpuguso

Chagua siku ya mvua. Hutahangaika kuitafuta: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kiasi kikubwa cha maji hayo hupitia mlango wa kushoto wa Land Rover yako ya Series III. Siku ya jua kioo kibovu hakimsumbui mtu, na asiyesumbuliwa hatengenezi.

Kabla ya kushika spana, subiri watazamaji. Wanachuo wa ualimu watapita, watasimama. Mzee mwenye mwavuli atakukumbusha kwamba Bert Shankland alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, kwa hiyo ulikosea tangu siku ya kununua. Mshukuru, "Ndaga, mzee," uendelee.

Sasa mlango wenyewe. Usitafute mkono wa kuzungushia, haupo. Kioo cha gari hili kinasukumwa: vioo viwili bapa vinateleza kwenye mfereji uliotandikwa kitambaa, ndani ya fremu iliyofungwa kwa nati juu ya mlango. Bodi ni alumini, fremu ni chuma. Waliolibuni hawakutaka ukae bure. Kitambaa kinanyonya maji, vumbi la kiangazi linageuka udongo, kutu inakula fremu kutokea ndani huku rangi ya nje ikimeremeta, kisha kuvumwani inaota. Fundi mvivu ataing'oa. Wewe iache kwanza uone, maana udongo wa volkano una rutuba, na ukijaliwa mche wa chai mferejini unaweza kupeleka majani mabichi kiwandani Katumba yakalipia nati mpya. Za zamani zimekwisha kuoana na chuma. Zilowekee dizeli usiku kucha, asubuhi uzikate kwa msumeno.

Tatizo ni kioo. Vioo vya pembeni huchomwa kiwandani vikawa vigumu, na baada ya hapo havikatwi: ukikipitishia kikatio kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Fundi vioo wa mjini atakupa cha dirisha la nyumba, tena kwa bei nzuri. Kataa, kikivunjika hicho kinatoa visu. Dai kile cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho kikiwa bapa kinakatika bila kisirani. Atakwambia kipo Mbeya. Mwanjelwa watakwambia kipo Dar. Dar watakuuliza kwa nini usinunue Noah.

Ndipo unarudi kwenye teknolojia yetu: nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, ikazwe kwa vipande vya mpira wa tyubu, na kabari ya kandambili kuzuia fremu isigonge. Ni ya muda tu. Watoto wako watairithi. Ukiwa na moyo wa ziada, zibua matundu ya chini ya mfereji ili maji yapate pa kutokea. Ndiyo kazi pekee katika mwongozo huu inayosaidia kitu, na ni ya bure, ndiyo maana haifanywi.

Ukishuka na gari hadi Kyela, joto litawapokea na abiria wa kushoto ataomba dirisha lifunguliwe. Mpe wembe. Nailoni nyingine iko chini ya kiti chake.